Chema Hakijiuzi: Funzo Kutoka Kikombe cha Chai

Kila mwaka, katika madarasa yasiyo na idadi nchini, mwalimu wa Kiswahili huandika ubaoni methali isemayo "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza", kisha huwaagiza wanafunzi watunge kisa cha kuithibitisha. Wanafunzi nao, kwa utiifu wao, hutunga. Msichana mwenye adabu hupata mchumba bila kujipitishapitisha. Mwenye duka mwaminifu hufurika wateja ilhali jirani yake mlaghai hukesha akipiga kelele. Insha husahihishwa, alama hutolewa, na methali hurudishwa kabatini ikiwa salama salimini.

Nia yangu leo ni kuitoa methali hiyo kabatini na kuipeleka majilisi, pale ambapo walimu hukusanyika wakati wa mapumziko ya asubuhi kunywa chai. Ipo chai moja ulimwenguni ambayo historia yake ni ushahidi dhidi ya methali hiyo. Nasi tunaoishi Kakamega, chai ikiwa upande mmoja na msitu upande wa pili, tuna sababu ya kuusikiliza ushahidi huo kwa makini kuliko wengine.

Chai yenyewe huitwa Earl Grey. Ni chai nyeusi kama ijulikanavyo na kila mtu, ila imetiwa mafuta ya ganda la begamoti, tunda la jamii ya michungwa na milimau. Begamoti ni kali na chungu, hata ni nadra mtu kuimenya akaila kama chungwa. Thamani yake imo gandani, ndani ya vifuko vidogo vya mafuta ambavyo hupasuka ganda linapokamuliwa. Sehemu kubwa ya begamoti za dunia hulimwa katika ukanda mwembamba wa pwani ya Calabria, kusini mwa Italia. Mafuta yanayotiwa katika chai ni kidogo mno, asilimia chache tu ya uzito wa majani. Hata hivyo, uchache huo ndio unaoitoa chai katika rafu ya chini dukani na kuipandisha rafu ya juu.

Je, chai hii ilitoka wapi? Wauzaji wana hadithi tamu. Husema kwamba Earl Grey, bwana mkubwa aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kati ya mwaka 1830 na 1834, alikuwa na mtumishi aliyemwokoa mtoto wa mkuu mmoja wa Kichina asizame majini, na baba mtu akalipa fadhila kwa kumpelekea Grey siri ya kuitengeneza. Wengine husema kwamba chai hiyo ilichanganywa ili kuficha ladha ya chokaa katika maji ya Howick, makao ya Grey kaskazini mwa Uingereza. Hadithi ya kwanza inavunjwa na jambo jepesi: Grey hakukanyaga Uchina maisha yake yote. Fauka ya hayo, Wachina waliozoea kuitia chai manukato walitumia yasmini na maua mengine, si mafuta ya tunda la Italia.

Kumbukumbu zilizoandikwa zinasimulia jambo jingine, wala si la kujivunia. Katika Uingereza ya siku hizo chai ilitozwa ushuru mkubwa, na walaghai walikuwa wakiichanganya na majani ya miti mingine ili kuongeza uzito na faida. Tangu miaka ya 1820 mafuta ya begamoti yalijulikana kuwa njia mojawapo ya kuipamba chai duni ili ipite machoni, au tuseme puani, pa mnunuzi. Mnamo mwaka 1837 wafanyabiashara fulani walifikishwa mahakamani London kwa sababu ya kuuza chai iliyotiwa harufu hiyo. Jina la Grey halikuhusishwa na jambo hilo hata kidogo. Lilikuja kuonekana katika matangazo ya wauza chai wa London katika miaka ya 1880, ilhali Grey mwenyewe alikuwa ameaga dunia mwaka 1845. Mwalimu wa historia atawaambia wanafunzi wake kwamba serikali ya mtu huyu ndiyo iliyopanua haki ya kupiga kura Uingereza mwaka 1832, na ndiyo iliyopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Waingereza mwaka 1833. Lakini leo ukilitaja jina lake mbele ya watu mia moja, karibu wote watakuambia kwamba ni jina la chai. Yamkini yeye mwenyewe hakuionja!

Sasa tuirudie methali yetu. Kilichokuwa kibaya kilijitembeza, kikajipaka manukato, kikatafutiwa jina la mkubwa na hadithi ya kusimuliwa mezani, na baada ya miaka hamsini kilikuwa kikinywewa katika vikombe vya thamani. Sisemi kwamba chai ya namna hiyo inayouzwa leo ni duni, la hasha. Nyingi ni nzuri. Nasema tu kwamba haikufika pale ilipo kwa kukaa kimya ikingoja kujulikana.

Tuitazame na chai yetu, ambayo ndiyo iliyotii methali. Mche wa chai uliletwa nchini kutoka India ukapandwa Limuru mwaka 1903, na kuanzia miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaeneza mashamba Kericho. Kwa muda mrefu zao hili lilikuwa la walowezi na makampuni. Mkulima mdogo Mwafrika hakufunguliwa mlango kwa upana hadi miaka ya 1950, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kumhudumia. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi. Chai yetu ina sifa ambazo wajuzi hawabishani juu yake: ni nyekundu ya kung'aa, ina nguvu, na hukolea upesi kwa sababu majani yake hukatwakatwa kiwandani yakawa chembe ndogo.

Kwa hiyo chai yetu ni njema. Je, hujiuza vipi? Hujazwa katika magunia ya karatasi, hupelekwa katika mnada wa Mombasa, hununuliwa na makampuni ambayo huichanganya na chai za nchi nyingine ili kuzipa rangi na nguvu, kisha hutiwa katika pakiti zenye majina ya watu wengine na miji mingine. Sehemu kubwa kabisa ya chai yetu huondoka nchini hivyo, bila jina. Mnywaji wa mbali huisifu pakiti. Hajui kwamba anachokisifu kilichumwa na mama mmoja wa Vihiga aliyeamka alfajiri umande ukiwa bado majanini.

Hapa kwetu jambo hili si hadithi ya mbali. Ukitoka Kakamega mjini ukaelekea Shinyalu hadi Isecheno, utakutana na ukanda wa chai uliopandwa kandokando ya msitu. Ukanda huo ni kazi ya shirika la Nyayo Tea Zones lililoanzishwa mwaka 1986, kwa nia ya kuifanya chai kuwa ua la kuuzuia msitu usimegwe. Katika kaunti jirani ya Vihiga, kiwanda cha Mudete hupokea majani ya wakulima wadogo. Wanafunzi wengi wa sehemu hizi hulipiwa karo kwa majani hayo. Bonasi ikishuka, mwalimu huijua habari kabla haijatangazwa redioni, kwa kuyahesabu madawati yaliyo matupu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata ile harufu ya limau tunayo. Nyuma ya majiko mengi ya Kakamega huota kichaka cha nyasi ndefu, zenye makali ya kukata kidole, ambazo mama huchuma na kuzitia katika sufuria ya chai. Waswahili waliziita mchaichai, wakalirudia neno chai mara mbili kana kwamba moja halikutosha. Mchaichai si mlimau wala hauna undugu na mlimau. Ni nyasi, wa ukoo mmoja na muwa na mhindi, mimea miwili inayoyajaza mashamba yetu. Lakini ndani ya jani lake mna sitrali, kiini kilekile ambacho ni miongoni mwa viini vinavyolipa ganda la limau harufu yake. Maumbile yametuwekea limau ndani ya nyasi, nasi tumeipa nyasi hiyo sifa gani? Tumeiita kinywaji cha asiye na pesa za majani ya dukani. Mgeni akija, mchaichai hufichwa na pakiti huletwa mezani.

Hebu sasa tupike chai, maana mtu hawezi kubishana juu ya kikombe asichokionja. Chai ya begamoti haipikwi kama tunavyopika chai yetu ya maziwa, ikatokota jikoni hadi ikapanda mara tatu. Mafuta yenye harufu hupaa upesi. Ukiyachemsha kwa muda mrefu utawanukishia majirani, nawe ubaki na kikombe kisichonukia. Chai hiyo humiminiwa maji yaliyochemka, hufunikwa, na kuachwa kwa muda wa dakika tatu hadi tano. Wengi huinywa bila maziwa, kama chai yetu ya mkandaa, ile ambayo vijana huiita turungi. Mwalimu wa fizikia anaweza kuongeza neno hapa: Kakamega iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakiwa karibu nyuzi 95 za Selsiasi, si 100 kama yachemkavyo Mombasa.

Mchaichai nao una adabu yake. Majani huoshwa, hukatwa vipande, hupondwa kidogo ili vifuko vya mafuta vipasuke, kisha hutiwa majini na kufunikwa. Kifuniko ndicho siri yenyewe, kwa maana harufu inayotoka na mvuke hairudi. Majani ya chai hutiwa mwishoni, dakika mbili au tatu zinatosha kwa chai ya Kenya. Na hapa pana jambo ambalo mama zetu walilijua kabla ya maabara. Ukikamua limau katika chai ya maziwa, maziwa hukatika, kwa sababu maji ya limau yana asidi. Mchaichai hutoa harufu ya limau bila ukali wa limau, na maziwa hubaki salama. Kwa watu wasioweza kuiaga chai ya maziwa, kama sisi, hakuna suluhisho bora kuliko hilo.

Kwa nini basi harufu ile ya Calabria iwe fahari na hii ya nyuma ya jiko iwe aibu? Mwalimu wa hesabu ana jibu lake. Kifuko kimoja cha chai huwa na gramu zipatazo mbili. Pakiti yenye vifuko 25 ina gramu 50. Kilo moja ya chai iliyokaushwa hujaza pakiti 20. Kilo hiyo hutokana na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi. Mwanafunzi na aende dukani aandike bei ya pakiti moja ya chai yenye harufu ya limau, aizidishe kwa 20. Kisha amwulize mzazi wake alilipwa shilingi ngapi kwa kilo ya majani mabichi, azidishe kwa 5. Naomba asiambiwe jibu mapema. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo bei ya kukausha, kusafirisha, kufungasha na kulipa ushuru, ni kweli. Lakini ndani yake mna pia bei ya harufu kidogo na ya jina.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema kwamba hayo ni mambo ya serikali, mnada na mabepari, na kwamba mwalimu mwenye chaki mkononi hawezi kuwashinda wafungashaji wa Ulaya waliotangulia kwa zaidi ya karne moja. Nakubali kwamba mashine ya kufungasha haitatoka darasani, na kwamba soko la nje lina milango mizito. Lakini yapo makampuni ya hapahapa Kenya ambayo tayari yanaitia chai tangawizi, limau na viungo vingine, na kuiuza ndani na nje kwa majina yao. Mlango ni mzito, ila haujatiwa kufuli.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kandokando ya Msitu wa Kakamega kuna kikundi cha wakulima kiitwacho Muliru. Wanachama wake walikuwa wakiutazama mmea mmoja wa jamii ya mrehani, wenye harufu ya kafuri, ambao watu wa sehemu hizi waliutumia tangu jadi kwa mafua na maumivu. Kwa ushirikiano na wanasayansi wa kituo cha icipe, waliulima mashambani mwao badala ya kuuchuma msituni, wakauchemsha kwa mvuke ili kupata mafuta yake, na mafuta hayo yakatengenezewa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilitunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mmea ulikuwa uleule ambao mabibi waliujua. Kilichoongezwa ni maarifa, chombo, na jina.

Sayansi yenyewe si ngeni. Kukeneka, yaani kuchemsha kitu hadi mvuke utoke na kisha kuupoza mvuke huo urudi kuwa majimaji, ni somo lililomo katika vitabu vya kemia. Tuseme ukweli: wapo vijijini watu wanaoijua sayansi hiyo bila kitabu, kwa mitungi na mifereji iliyofichwa mtoni askari wasiione. Maarifa yaleyale yanayotupa chang'aa yangeweza kutupa mafuta ya mchaichai. Ni ajabu kwamba mwanafunzi huchora mtambo wa kukeneka katika mtihani akapata alama zote, kisha akapita kando ya kichaka cha mchaichai akielekea nyumbani bila kukiona.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito zaidi. Atasema: Mwandishi, umetuambia mwenyewe kwamba begamoti ilianza kwa ulaghai. Wataka tuwafundishe watoto wetu kujipaka manukato na kujitangaza? Methali ile ni ngao ya uadilifu, nawe wataka kuivunja. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa shule isiyofundisha uadilifu ni bora ifungwe. Lakini pana tofauti kati ya kukipamba kibaya ili kionekane chema, na kukitaja chema ili kijulikane. La kwanza ni uongo. La pili ni ushahidi. Mfanyabiashara wa London aliyeficha chai duni chini ya harufu alimdhulumu mnunuzi; mkulima anayeiacha chai yake njema iende bila jina anajidhulumu mwenyewe na watoto wake. Uadilifu hautudai tunyamaze.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, ombi langu ni dogo. Mtaala wa umilisi unatutaka tumpe mwanafunzi kazi ya mikono na ya akili inayotokana na mazingira yake. Sijui mazingira gani yaliyo karibu zaidi kuliko kikombe. Mwalimu wa kilimo na apande mchaichai kandokando ya bustani ya shule, mahali ambapo utazuia pia udongo usichukuliwe na mvua. Wa kemia aukeneke. Wa sayansi ya jamii awapeleke wanafunzi kwenye kituo cha kununulia majani ya chai wakaone mizani, na awaeleze safari ya gunia hadi Mombasa. Wa sanaa awape kazi ya kuchora pakiti, yenye jina la kijiji chao na maelezo ya kweli tupu. Nasi wa Kiswahili tuwape insha.

Nanyi wanafunzi, mtakapopewa tena methali ile mtihanini, andikeni kama mtahini anavyotaka, kwa maana sitaki mpoteze alama kwa ajili yangu. Lakini nje ya chumba cha mtihani iulizeni swali ambalo insha zetu huliacha. Ni kweli kwamba chema chajiuza. Chajiuza kwa bei ya nani? Chai ya Kenya imejibu swali hilo kwa miaka mingi mnadani Mombasa, gunia baada ya gunia: kitu chema kisichosemewa hujiuza kwa bei ya yule anayekinunua.